MAAFA YA WACO: DINI, BUNDUKI NA SHERIA KATIKA NCHI YA MAREKANI

Katika jimbo la Texas, nchi ya Marekani, uko mji uitwao Waco, kwenye njia itokayo Dallas kwenda Austin. Mwaka 1993 jina la mji huo lilienea ulimwenguni kote kwa muda wa siku 51, na tangu hapo Wamarekani wengi wakilitaja hawakusudii mji wenyewe, bali maafa yaliyotokea katika shamba moja lililo maili chache nje yake. Watu 86 walikufa huko. Kati yao 4 walikuwa askari wa Serikali, na waliobaki walikuwa wafuasi wa dhehebu moja la Kikristo, pamoja na kiongozi wao na watoto zaidi ya 20.

Mambo hayo yalianza kwa karatasi tu: hati ya hakimu ya kupekua nyumba, na nyingine ya kumkamata mtu mmoja. Hati za namna hiyo hutolewa kila siku katika nchi zenye sheria, na mara nyingi askari wawili watatu huzipeleka, mambo yakaisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa nini hati hizi ziliishia katika moto ndilo jambo linalohitaji kuelezwa, na ili lifahamike yafaa kuanza na watu wenyewe waliokuwa wakikaa katika shamba lile.

WATU WA MLIMA KARMELI

Mwanzilishi wa jamii hiyo alikuwa Victor Houteff, mzaliwa wa Bulgaria aliyehamia Marekani na kuingia katika Kanisa la Waadventista Wasabato, kanisa ambalo lina waumini wengi huku Kenya pia, hasa katika nchi ya Kisii na sehemu nyingine za Nyanza. Houteff alianza kufundisha mambo ambayo wazee wa Kanisa hawakuyakubali, wakamtoa katika ushirika. Mwaka 1935 alikwenda Waco na wafuasi wake, wakanunua ardhi na kuiita Mlima Karmeli, kwa jina la mlima wa nabii Eliya. Waliitwa Wadaudi, kwa kuwa walitazamia ufalme wa Daudi usimamishwe tena. Basi ni kosa kuwahesabu watu hawa kuwa ni Wasabato, maana Kanisa lenyewe liliwakana karibu miaka 60 kabla ya maafa.

Houteff alifariki mwaka 1955. Mjane wake alitangaza kuwa tarehe 22 Aprili 1959 Mungu ataonyesha ishara kuu, na mamia ya watu wakauza mali zao wakaja Waco kungoja. Siku ikapita kama siku nyingine. Wengi walirudi makwao kwa huzuni, lakini sehemu moja ilimfuata Benjamin Roden, aliyesema kuwa wakati umefika wa yule Chipukizi aliyetajwa na manabii. Ndipo walipopata jina la Branch Davidians, yaani Wadaudi wa Chipukizi. Roden alipokufa mwaka 1978, mkewe Lois alishika uongozi.

Mwaka 1981 alifika pale kijana mmoja wa miaka 22, seremala asiyemaliza shule, aitwaye Vernon Howell. Alipenda kupiga gitaa, na kusoma vitabu kulimpa taabu tangu utotoni; walakini Biblia aliifahamu kwa moyo kiasi cha kuweza kutoa mafungu yake, moja baada ya jingine, kwa saa nyingi bila kuchoka. Kijana huyo akagombana na mwana wa Lois Roden juu ya uongozi. Mwezi Novemba 1987 pande hizo mbili zilipigana kwa bunduki katika shamba lile. Askari wa wilaya walimkamata Howell na wenzake 7, wakashtakiwa kwa kujaribu kuua. Wale 7 waliachiliwa, na kwa Howell wazee wa mahakama hawakupatana, naye akaenda zake. Jambo hilo likumbukwe: watu wale wale, wenye bunduki vile vile, walikamatwa na askari wa kwao wakafika mahakamani wala hakuna askari aliyekufa.

Mwaka 1990 Howell alibadili jina lake kwa njia ya sheria akajiita David Koresh. Wasomaji wanaoijua Biblia ya Kiswahili wataitambua maana yake upesi kuliko Wamarekani walivyoitambua. Koresh ni Koreshi, yule mfalme wa Uajemi aliyeishinda Babeli na kuwapa Wayahudi ruhusa ya kurudi kwao, ambaye nabii Isaya amemwita masihi, yaani mpakwa mafuta, ingawa alikuwa mtu wa mataifa. Magazeti ya Marekani yaliandika kuwa Koresh anajidai kuwa Yesu Kristo. Hakufundisha hivyo hasa. Alifundisha kuwa yeye ni mpakwa mafuta wa siku za mwisho, mwenye kazi ya kuzifungua zile muhuri saba za Kitabu cha Ufunuo. Tofauti hiyo yaweza kuonekana kuwa ndogo kwa mtu asiye na habari nayo, lakini, kama itakavyoonekana mbele, watu walikufa kwa kutofahamiana katika mambo ya namna hiyo.

Wafuasi wake hawakuwa watu wajinga wala wa kabila moja. Mmoja wao alikuwa mwanasheria mweusi aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Wengine walitoka Uingereza, Australia, Kanada na visiwa vya Jamaika, na wengi walikuwa watu weusi. Waingereza waliokuwamo walikuwa zaidi ya 20, wengi wao wenye asili ya visiwa vya Karibi, waliokuwa kwanza Wasabato wema katika miji kama Manchester na Nottingham. Walikaa pamoja katika nyumba moja kubwa ya mbao waliyoijenga wenyewe, isiyo na mabomba ya maji, wakisikiliza mafundisho ya Biblia mchana na usiku.

Ni haki pia kusema upande wa pili. Mwaka 1989 Koresh alitangaza kuwa wanawake wote wa jamii, hata wake za watu, ni wake zake, na kwamba wanaume wengine wakae bila wanawake. Wanaume walikubali. Alizaa watoto zaidi ya 10 kwa wanawake mbalimbali, na baadhi ya wale aliowatwaa walikuwa wasichana wadogo ambao sheria ya Texas inawalinda. Watu waliotoka katika jamii walipiga kelele juu ya jambo hilo, na mwaka 1992 maofisa wa jimbo wanaotunza watoto walifika wakachunguza, kisha wakafunga shauri kwa kukosa ushahidi. Hayo ndiyo yaliyokuwa maovu makubwa katika shamba lile, wala siyo yaliyoleta askari.

KWA NINI WALIKUJA ASKARI WA SHIRIKISHO

Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina serikali yake, mahakama zake na sheria zake. Mambo ya ndoa, watoto, wizi na mauaji ya kawaida ni ya jimbo, na karibu katika kila wilaya yuko mkuu wa askari anayechaguliwa na wenyeji kwa kura. Juu ya majimbo iko Serikali ya Shirikisho, yenye makao yake Washington, nayo ina askari wake kwa makosa yaliyo chini ya sheria zake tu. Basi askari wa Washington hawakuwa na mamlaka ya kumkamata Koresh kwa sababu ya wasichana. Mamlaka waliyokuwa nayo yalihusu bunduki.

Katiba ya Marekani, katika nyongeza ya mwaka 1791, inawapa raia haki ya kuwa na silaha, na katika Texas bunduki ndani ya nyumba ni jambo la kawaida kama jembe. Lakini bunduki za mtombo, zile zinazomimina risasi kwa kubana kiwambo mara moja, ziliwekewa masharti mwaka 1934. Kwa kuwa Serikali ya Shirikisho haikutaka kugongana na Katiba, ilitumia njia ya kodi: mwenye bunduki ya namna hiyo aiandikishe na kuilipia dola 200. Ndiyo sababu kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa idara moja ya Wizara ya Fedha, Idara ya Pombe, Tumbaku na Silaha, iitwayo kwa kifupi ATF. Mwaka 1986 sheria nyingine ilikataza kabisa bunduki mpya za mtombo kwa raia.

Watu wa Koresh walikuwa wakinunua na kuuza silaha katika maonyesho ya bunduki, na faida ilisaidia kulisha jamii. Mwaka 1992 furushi moja lililokuwa likipelekwa kwao lilipasuka njiani, yakaonekana makasha matupu ya mabomu ya mkono. Mchukuzi aliarifu askari wa wilaya, na askari wa wilaya wakaiarifu ATF. Idara ilipeleleza ikapata kuwa wamenunua vipande na vyombo vinavyoweza kugeuza bunduki za kawaida kuwa za mtombo, bila kuandikisha wala kulipa kodi. Wakati wa upelelezi, mfanya biashara wa bunduki aliyemjua Koresh alimpigia simu mbele ya maofisa, naye Koresh akawaalika waje waone silaha zake. Maofisa hawakuukubali mwaliko huo.

Badala yake walikodi nyumba ng'ambo ya barabara, wakaweka humo wapelelezi wanaojifanya wanafunzi wa chuo. Mmoja, Robert Rodriguez, alizoea kwenda kumsikiliza Koresh akifundisha Biblia. Hakimu wa Shirikisho alitoa hati, na ATF ikapanga kuvamia kwa ghafula, ili watu wasipate nafasi ya kushika bunduki zao. Kama Koresh angaliweza kukamatwa peke yake nje ya shamba, ni swali ambalo wachunguzi waliuliza baadaye, wala majibu ya Idara hayakuwaridhisha.

SIKU YA 28 FEBRUARI

Mpango wote ulitegemea jambo moja tu, nalo ni siri. Siku ya Jumamosi tarehe 27 gazeti la Waco lilianza kuchapa habari ndefu juu ya Koresh na wake zake. Asubuhi ya Jumapili mpiga picha wa televisheni, aliyesikia kuwa kutakuwa na uvamizi, alipotea katika barabara za mashamba, akamsimamisha mchukua barua amwonyeshe njia. Mchukua barua huyo alikuwa shemeji yake Koresh. Alirudi mbio shambani kutoa habari.

Wakati ule ule Rodriguez alikuwa ndani, amekaa na Koresh na Biblia. Koresh aliitwa nje kidogo, na aliporudi mikono yake ilikuwa ikitetemeka, akasema kuwa wanakuja. Rodriguez aliaga. Koresh alimpa mkono, akamtakia heri, akamwacha aende salama. Aliyefikiri kuwa hawezi kutoka hai alivuka barabara, akawaarifu wakubwa wake kuwa siri imefichuka. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kurudi nyuma. Wakubwa waliamuru askari waharakishe.

Yapata saa 4 kasorobo asubuhi, askari 76 walifika wamejificha katika magari mawili ya kuchukulia ng'ombe, huku helikopta zikiruka nyuma ya nyumba. Nani aliyepiga risasi ya kwanza, kila upande umeapa kuwa ni mwingine, na mahakama na mabaraza hayakupata kulimaliza neno hilo. Yule mwanasheria aliyekuwa ndani alipiga simu kwa askari wa wilaya, akiomba kwa sauti ya hofu kuwa wenye kupiga waache, kwa kuwa mna wanawake na watoto. Ofisa wa wilaya aliyepokea simu alihangaika kutafuta njia ya kusema na askari wa Shirikisho, maana hawakuwa wameweka njia ya kupelekeana habari. Baada ya muda mrefu silaha zilinyamaza, na walinzi wa sheria wakaruhusiwa kuwachukua majeruhi wao. Askari 4 walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya 15 wamejeruhiwa. Upande wa pili walikufa watu 6 siku hiyo, mmoja wao jioni alipojaribu kurudi shambani. Koresh mwenyewe alipata risasi mkononi na ubavuni.

SIKU 51

Kwa kuwa askari wa Shirikisho wameuawa, kazi iliondolewa mikononi mwa ATF ikapewa Idara ya Upelelezi, yaani FBI. Idara hiyo ilikuja na vikosi viwili. Kimoja kilikuwa cha wasemaji, waliofundishwa kuongea na watu waliojifungia ili watoke kwa amani. Cha pili kilikuwa cha mapigano, chenye magari ya deraya yaliyoazimwa kwa jeshi. Vikosi hivyo viwili vilifanya kazi kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja, kila mmoja akivuta upande wake.

Mwanzo mambo yalikwenda vyema. Watoto walianza kutoka wawili wawili. Tarehe 2 Machi Koresh aliahidi kutoka na watu wake wote kama hotuba yake itasomwa katika redio. Hotuba ya karibu saa nzima ilitangazwa, mabasi yakaletwa, watu wakangoja. Kisha ikaja habari kuwa Mungu amemwambia Koresh angoje. Tangu siku hiyo wakubwa wengi wa FBI hawakuamini neno lake tena, na ni vigumu kuwalaumu sana kwa hilo.

Walakini wasemaji waliendelea, na watu waliendelea kutoka, mpaka wakafika 35, na 21 kati yao walikuwa watoto. Lakini kila mara wasemaji walipopata tunda, kikosi cha pili kilileta adhabu. Tarehe 12 Machi watu wawili walitoka, na usiku ule ule umeme ukakatwa. Tarehe 21 walitoka 7, na usiku ule ule vipaza sauti vikaanza kumimina kelele: nyimbo, nyimbo za watawa wa Tibeti, na vilio vya sungura wakichinjwa, pamoja na taa kali zisizoruhusu mtu kulala. Magari ya deraya yaliponda magari na baiskeli za watu. Maziwa yaliyopelekewa watoto yaliwekewa vyombo vidogo vya kusikilizia, ili maneno ya ndani yasikike nje. Gary Noesner, aliyeongoza wasemaji katika siku za kwanza, alisema baadaye kuwa jambo hilo liliwaonyesha watu wa ndani kuwa ahadi za Serikali hazina maana. Mtu aliyezoea mashauri ya wazee hahitaji kuelezwa zaidi. Aliyerudisha mbuzi wa watu akapigwa fimbo papo hapo, kesho hamrudishi mwingine.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa la lugha. Pande zote mbili zilisema Kiingereza, na saa nyingi za maongezi yao zimehifadhiwa katika utepe, lakini wasemaji walipouliza, "Utatoka lini?", Koresh alijibu kwa muhuri na farasi na Mwana-Kondoo, saa baada ya saa. Maofisa waliyaona maneno hayo kuwa ni ya kuwapotezea wakati, wengine wakayadharau waziwazi. Kwa watu wa ndani hayo ndiyo yaliyokuwa jibu lenyewe. Waliamini kuwa wanaishi katika muhuri ya tano, ambamo roho za waliouawa kwa ajili ya neno la Mungu zinaambiwa zingoje muda kidogo mpaka wenzao nao wauawe. Wenzao 6 walikuwa wameuawa tayari. Nje ya madirisha yao kulikuwa na majeshi ya wanaowaita Babeli. Kila gari la deraya lililosogea lilikuwa kwao ni fungu la Ufunuo linalotimia, na kila kitisho kilichokusudiwa kuwavunja moyo kilizidi kuwathibitisha.

Wataalamu wawili wa dini, James Tabor na Phillip Arnold, ndio walioliona hilo. Wao hawakubishana na Koresh kuwa ni mwongo. Walimjibu kwa Biblia yake mwenyewe. Tarehe 1 Aprili walizungumza katika redio, wakijua kuwa anasikiliza, wakaonyesha kuwa ule muda kidogo waweza kuwa mrefu, na kwamba kabla ya mwisho kuna kitabu kidogo katika Ufunuo kinachotakiwa kutolewa kwa mataifa. Kwa mtu wa kawaida hayo ni mafumbo. Kwa Koresh yalikuwa ni mlango wa kutokea bila kuvunja imani yake.

Baada ya sikukuu ya Pasaka, tarehe 14 Aprili, Koresh alipeleka barua kwa wakili wake, Dick DeGuerin. Ilisema kuwa sasa amepewa ruhusa ya kuandika maelezo ya muhuri saba, na akimaliza atatoka na kujitia mikononi mwa sheria. Wakubwa wa FBI waliona kuwa ni hila ya 2 Machi ikirudi. Usiku wa tarehe 18 maelezo ya muhuri ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Hilo linajulikana kwa kuwa mwanamke mmoja aliyeponyoka motoni alitoka nayo, yamehifadhiwa katika kisahani cha kompyuta. Kama Koresh angemaliza zote saba na kutoka, hakuna awezaye kuapa. Inajulikana tu kwamba alikuwa anaandika.

MOTO

Janet Reno alikuwa ameapishwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tarehe 12 Machi, katikati ya shauri hilo. FBI ilimletea ombi la kutia moshi wa kutoa machozi ndani ya nyumba, kidogo kidogo kwa muda wa siku mbili, ili watu watoke wenyewe. Kwanza alikataa. Akaelezwa kuwa askari wamechoka, na kuwa hali ya watoto ndani ni mbaya. Mwisho alikubali, na Rais Bill Clinton akaarifiwa.

Tarehe 19 Aprili, karibu saa 12 asubuhi, FBI ilipiga simu kuwaarifu walio ndani. Magari ya deraya yalisogea yakatoboa kuta za mbao na kupuliza moshi. Watu wa ndani walipiga risasi, na mara hiyo mpango wa siku mbili ukawa mpango wa saa chache. Mamia ya makasha ya moshi yalitupwa madirishani, na kuta zikabomolewa. Vifuniko vya kuzuia moshi walivyokuwa navyo havikuwaenea watoto wadogo. Akina mama wengi waliwachukua watoto wakaingia katika chumba cha saruji kilichokuwa chini ya mnara. Siku hiyo upepo ulivuma kwa nguvu nyingi.

Muda mfupi baada ya saa 6 mchana moto ulionekana mahali zaidi ya pamoja kwa wakati mmoja. Nyumba ya mbao, iliyojaa marobota ya majani makavu na mafuta ya taa ya kuangazia kwa sababu umeme ulikatwa, iliteketea katika muda usiofika saa moja. Magari ya zima moto hayakuwapo karibu, na yalipofika yalizuiwa kwa hofu ya risasi. Watu 9 walitoka hai. 76 walikufa, na miongoni mwao Koresh, mwenye miaka 33, aliyekutwa na jeraha la risasi kichwani. Wengine kadhaa walikuwa wamepigwa risasi na wenzao au kwa mikono yao wenyewe. Katika chumba cha saruji wanawake na watoto walikutwa pamoja. Wengi walikufa kwa kukosa hewa au kwa kuangukiwa na saruji.

Jioni ile Reno alijitokeza mbele ya watu akasema kuwa lawama ya uamuzi ni yake. Mabwana wengi wakubwa zaidi yake, katika nchi nyingi, hawajawahi kusema hivyo.

YALIYOFUATA

Mwezi Septemba 1993 Wizara ya Fedha ilitoa taarifa yake, ikasema wazi kuwa wakubwa wa ATF walijua kuwa siri imefichuka na bado wakaendelea, kisha wakawapotosha wachunguzi. Mwaka 1994 wafuasi 11 walishtakiwa mjini San Antonio. Wazee wa mahakama hawakuona hatia ya kula njama ya kuua, lakini baadhi walihukumiwa kwa kuua bila kukusudia tangu awali na kwa makosa ya silaha, wakapewa vifungo virefu. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya nchi ilibatilisha sehemu ya vifungo hivyo, na kufikia mwaka 2007 wote walikuwa wametoka.

Neno la nani aliyewasha moto lilizidi kuwasumbua watu. Mwaka 1999 ilifichuka kuwa FBI ilitumia asubuhi ile makasha machache yenye kuwaka, jambo ambalo kwa miaka 6 ilikuwa imelikana. Hasira ilikuwa kubwa, naye John Danforth, aliyekuwa zamani mjumbe wa Seneti, akapewa kazi ya kuchunguza yote upya. Mwaka 2000 alitoa hukumu kuwa makasha hayo yalitupwa saa nyingi kabla ya moto na mbali na nyumba, kwamba askari hawakupiga risasi siku hiyo, na kwamba moto uliwashwa na watu wa ndani. Vyombo vya kusikilizia vilikuwa vimenasa sauti za watu wakisema juu ya kumwaga mafuta. Baadhi ya walionusurika wanaikataa hukumu hiyo. Lakini hata mtu akiikubali yote, inabaki kuwa uwongo juu ya makasha matatu yasiyodhuru uliwafanya raia wengi wasisadiki mambo mia ya kweli.

Katika siku za kuzingirwa kwa shamba, kijana mmoja aliyekuwa askari wa jeshi, Timothy McVeigh, alikwenda Waco akauza vibandiko vya kuilaumu Serikali. Tarehe 19 Aprili 1995, siku ile ile baada ya miaka miwili, alilipua jengo la Serikali mjini Oklahoma City. Watu 168 walikufa, na 19 kati yao walikuwa watoto, ambao wengi wao walikuwa wameachwa na wazazi katika chumba cha kulelea asubuhi ile. Aliuawa kwa hukumu ya mahakama mwaka 2001.

FBI nayo ilibadili desturi zake, ikaweka wasemaji na wapiganaji chini ya mkuu mmoja. Mwezi Machi 1996 watu wengine wenye silaha, walioitwa Freemen, walijifungia katika shamba huko Montana wakikataa amri za mahakama. Safari hiyo magari ya deraya hayakuizunguka nyumba, wala vipaza sauti havikuletwa. Wapatanishi wa kila namna waliruhusiwa kuingia na kutoka, na wasio na subira wakaandika magazetini kuwa Serikali imekuwa mwoga. Siku 81 zilipita. Tarehe 13 Juni watu hao walitoka wenyewe, wakapanda magari, wakapelekwa kwa hakimu, na hapakupigwa risasi hata moja.

Kwenye shamba la Waco kumejengwa kanisa dogo, na yako mawe yenye majina ya wafuasi waliokufa. Liko pia jiwe la wale askari 4.